Mtindi wa kunywa wenye machungwa, usiojitenga chupani

Dada mmoja wa Pongwe aliniletea chupa ya mtindi wake aliouchanganya na juisi ya machungwa ya Muheza. Ladha safi kabisa, lakini juu maji, chini mashapo meupe. Mteja hanunui kitu cha namna hiyo. Nilimwelekeza hivi.

Kwa lita moja: mtindi mzito mililita 400, maji 400, juisi iliyochujwa 200, sukari gramu 80, na gramu 4 za CMC ya chakula, ile yenye namba E466, inayoongeza uzito na kuzuia kinywaji kujitenga. Huu ni unga wa selulosi ya mbao au pamba iliyofanyiwa kazi kiwandani ili iyeyuke majini. Wanga siutaki: uchachu na joto huukata, uzito ukapotea. Jelatini nayo hulegea kwa joto letu la Tanga, na wateja wengi watakuuliza kama ni halali.

1. Piga mtindi ulainike, uweke kwenye friji.

2. Yeyusha CMC. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ukiimwaga peke yake majini, nje ya kila donge hulowa na kuwa utelezi, ndani hubaki unga mkavu, na hapo hata upige vipi halifunguki. Changanya kwanza unga wote na gramu 40 za sukari, vikiwa vikavu, ili chembe zitengane. Pasha maji yafike nyuzi 50 hivi, washa blenda, kisha nyunyiza kidogo kidogo. Acha nusu saa, piga tena. Inua kijiko: ukiona vidonge vinavyong'aa, bado. Usitumie maji ya kisima yenye chumvi, maana chumvi huzikunja nyuzi za selulosi na uzito hupungua. Wala usianze na juisi. Kwenye uchachu unga huu huyeyuka kwa shida. Uzito upime ikishapoa, kwa kuwa ya moto huonekana nyepesi kuliko ilivyo.

3. Ikipoa, changanya na mtindi na sukari iliyobaki.

4. Ongeza juisi ya baridi polepole huku ukikoroga kwa nguvu, mpaka kipimo cha uchachu kisome pH 4.0 hadi 4.2 (namba ikishuka, uchachu umezidi). Chini ya pH 4.6 kazeini, protini kuu ya maziwa, huwa na chaji chanya, CMC ina chaji hasi. Basi nyuzi za CMC huzivika chembe za kazeini, na chembe zilizovikwa husukumana badala ya kugandana. Ndiyo maana kubania CMC ni hatari: uzi mmoja hushika chembe kadhaa, ukazivuta pamoja, zikazama haraka zaidi.

5. Pitisha kwenye homojenaiza, mashine ya kuvunja chembe ziwe ndogo sana, kama unayo (blenda haifikii kazi yake), pasha hadi nyuzi 80, jaza, poza.

Acha chupa moja ya kioo kwenye friji usiku kucha. Maji yakitokea juu, ongeza nusu gramu ya CMC safari ijayo. Ikiwa nzito kama uji, punguza.