Kuseti konveya ya hemu na bekoni bila nyama kurundikana

Wadau wa nyama hapa Nakuru, wale mlikuwa mnakata hemu na slaisa ya mkono na sasa mmeleta laini ya konveya, yaani mikanda ya kubeba nyama, anzeni kuseti kutoka mwisho, yaani mashine ya kufunga, si slaisa. Hiyo ndio huamua mwendo wa kila kitu. Hesabu inafunga pakiti ngapi kwa dakika, slaisa ikate hivyo ama chini kidogo, halafu kila mkanda ukimbie kasi kidogo kuliko ule unaoulisha ndio mafungu ya vipande yaachane na sensa, yaani jicho la mashine, iyaone moja moja. Ukifanya kinyume yanapandana, na hapo ndio mtu anaingiza mkono kwa mkanda unaotembea. Zima swichi kubwa kwanza, piga kufuli, funguo ikae kwa mfuko wako.

Nyama iingie ikiwa baridi kabisa, bekoni hata nyuzi -3 hivi, kwa sababu ikilegea mafuta yanapakaa kila mahali, na yakifika pale plastiki inashikana, pakiti itaingiza hewa tu.

Mkanda ukienda upande mmoja, kaza skurubu ya upande huo huo, robo tu, uache uzunguke mara kadhaa kabla uguse tena. Wengine hukaza tu hadi bearingi zinalia.

Kuosha usianze na maji ya kuchemka, protini itagandia mkanda. Maji vuguvugu ya nyuzi 50 hivi, sabuni ya povu, suuza, ndio upige dawa ya kuua viini, na mkanda uinuliwe uoshwe chini pia, maana bakteria ya Listeria inazaana hata kwa baridi ya friji na hemu ikishakatwa haipikwi tena. Presha washa mimi siipendi hapo, inarusha uchafu kutoka sakafuni inaurudisha juu.

Halafu geji ya vakyumu, ile inaonyesha mashine ya kufunga imenyonya hewa kiasi gani. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, presha ya hewa yetu ni kama milibari 810, Mombasa ni karibu 1,013. Kwa hivyo geji inayoanzia sifuri kwa hewa ya nje itaishia karibu bar -0.8, hata pampu iwe mpya, wakati kitabu cha mashine kinataka -0.95. Kisumu, iko chini kuliko Nakuru, watapata zaidi kidogo, karibu -0.88. Fundi akisema pampu imekufa, muulize kwanza anasoma geji gani, kama ni hiyo inayoanzia sifuri kwa hewa ya nje.