Mafundi cherehani, angalieni stuli zenu

Jamani mafundi wenzangu, shingo na kiuno kuuma kila jioni sio uzee, mara nyingi ni hiyo stuli. Ikiwa fupi mabega yanapanda juu kutwa nzima, ikiwa ndefu unainama mpaka kidevu kinakaribia kifua, na kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 5 hivi, misuli ya nyuma ya shingo inaushikilia huo mzigo masaa bila kupumzika, damu haipiti vizuri, lazima ikaze.

Stuli fupi weka mto au kanga iliyokunjwa mpaka viwiko viwe usawa wa meza, ndefu ipunguze miguu. Taa nayo isogeze karibu na sindano, maana mwanga hafifu ndo unawainamisha wengi, hasa mkishona kitambaa cheusi. Kila nusu saa simama jinyooshe, hata mteja akiwa amekaa hapo anasubiri gauni lake.

Na kama dole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi usiku, usichue tu ukarudi kwenye mkasi, inaweza kuwa neva imebanwa pale kwenye kifundo cha mkono, nenda hospitali mapema kabla mkono haujaisha nguvu.