Namna ya Kutengeneza Bamba la Nyuzi za Kaboni la Kiwango cha Ndege

Takribani nusu ya uzito wa muundo wa ndege za Boeing 787 na Airbus A350 ni kompositi, yaani nyuzi na resini vilivyounganishwa kuwa kitu kimoja, na nyingi kati ya hizo ni nyuzi za kaboni zilizoshikamanishwa kwa resini ya epoksi. Mwongozo huu unahusu bamba la aina hiyo linalotengenezwa kwa prepregi, yaani nyuzi ambazo kiwanda kimekwisha kuzilowesha resini, na kuivishwa, yaani kugandishwa kwa joto, katika otoklevu, ambayo ni tanuri lenye kanieneo kubwa. Wanaoanza kazi hii huitegemea mno otoklevu, lakini ubora wa bamba huamuliwa mezani, na mashine haiwezi kurekebisha kilichoharibiwa na mikono.

Hatua ya 1: Yeyusha baridi ya prepregi ikiwa ndani ya mfuko wake

Prepregi huhifadhiwa kwenye friza katika nyuzijoto 18 chini ya sifuri ili resini isianze kuiva. Ukiitoa, usifungue mfuko hadi roli lote lifikie joto la chumba na unyevu ulio juu ya mfuko uwe umekauka, jambo ambalo kwa roli kubwa huchukua saa nyingi. Haraka hapa ina gharama kubwa, kwa sababu unyevu wa hewa ya chumba hugeuka matone juu ya nyuzi baridi, na maji hayo yakinaswa kati ya matabaka hugeuka mvuke wakati wa kuivisha. Mvuke uliokolea katika nyuzijoto 180 una kanieneo ya karibu kilopaskali 1,000, ilhali otoklevu kwa kawaida hukandamiza bamba kwa kilopaskali 600 hadi 700 tu. Mvuke ukishinda, bamba hubaki na vitundu vidogo ndani yake. Andika pia muda ambao roli limekaa nje ya friza, kwani muda huo hujumlishwa na una kikomo.

Hatua ya 2: Andaa kalibu

Kalibu ya alumini yenye urefu wa mita 1 hurefuka kwa takribani milimita 3.7 joto linapopanda kwa nyuzijoto 160, lakini nyuzi za kaboni karibu hazirefuki kabisa. Kwa sehemu kubwa zinazohitaji vipimo sahihi, ni afadhali kutumia kalibu ya inva, ambayo ni aloi ya chuma na nikeli, au kalibu iliyotengenezwa kwa kaboni yenyewe. Isafishe, ipake dawa ya kuzuia kunata, kisha vaa glavu safi. Usiruhusu bidhaa yoyote yenye silikoni kuingia katika chumba hicho.

Hatua ya 3: Panga matabaka

Fuata mpangilio uliochorwa na wahandisi bila kubadilisha hata tabaka moja. Mpangilio wa kawaida wa matabaka manane ni +45, 0, −45, 90, kisha 90, −45, 0, +45, namba hizi zikiwa pembe za nyuzi kwa digrii: nusu ya juu ni kioo cha nusu ya chini. Ulinganifu huu una sababu yake. Bamba linapopoa, kila tabaka husinyaa zaidi kukatiza nyuzi kuliko kuzifuata, na pande mbili zisipolingana bamba hupinda lenyewe mara tu linapotolewa kwenye kalibu.

Kila tabaka lina filamu ya kinga inayobanduliwa. Ziweke filamu zote mahali pamoja na uzihesabu kabla ya kuendelea, kwa maana filamu moja iliyosahaulika ndani hutenganisha matabaka mawili kabisa, na jicho haliwezi kuiona baadaye. Baada ya kila matabaka matatu hadi matano, funika kwa mfuko na unyonye hewa kwa dakika 10 hadi 15 ili matabaka yashikane.

Hatua ya 4: Funga mfuko wa ombwe

Juu ya matabaka weka filamu ya kutenganisha, kitambaa cha kupitisha hewa, halafu mfuko wenyewe uliozibwa kingoni kwa utepe wa gundi. Acha mikunjo ya ziada penye kona, la sivyo mfuko utavutika na kupasuka joto likipanda. Nyonya hewa, funga pampu, na utazame kipimo kwa dakika kadhaa. Sindano ikishuka kupita kiwango kilichoruhusiwa, tafuta tundu hadi ulipate.

Hatua ya 5: Ivisha

Resini nyingi za ndege huivishwa kwa takribani saa 2 katika nyuzijoto 180, joto likipandishwa kwa nyuzijoto 1 hadi 3 kila dakika. Ongozwa na vipimajoto vilivyo kwenye bamba, si joto la hewa, kwa kuwa kalibu nzito huchelewa kupata moto. Punguza joto polepole huku kanieneo ikiwa bado juu.

Hatua ya 6: Kata na ukague

Vumbi la kaboni hupitisha umeme na hudhuru mapafu. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi na utumie kifyonza vumbi. Unapotoboa, weka ubao nyuma ya bamba ili tabaka la mwisho lisichanike. Pale ambapo kaboni itagusana na alumini, weka tabaka la nyuzi za kioo katikati, maana bila hilo alumini italiwa na kutu.

Mwisho, pima bamba zima kwa mawimbi ya ultrasauti, ukilinganisha na bamba la kielelezo ambalo ndani yake vipande vya filamu vimewekwa katika vina vinavyojulikana. Ukiona kasoro, iwekee alama, ambatisha kumbukumbu za roli na za otoklevu, na uwaachie wahandisi uamuzi.