Namna ya Kuichunguza Kadi ya Kale ya Valentine

Anayepata kadi ya Valentine ya karne ya 19 hukimbilia picha ya mapenzi iliyo mbele, ilhali kadi hizo ziliundwa kwa tabaka, na tabaka ndizo za kutazamwa kwanza. Osha mikono na uikaushe kabisa, laza kadi mezani juu ya karatasi nyeupe, kisha inama uitazame kwa ubavu. Kadi za Esther Howland, aliyeanza kuziuza Worcester, Massachusetts, nchini Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1840, mara nyingi huonekana zimeinuka, kwa sababu karatasi iliyotobolewa kama lesi imesimamishwa juu ya vikunjo vidogo, na chini yake kumebandikwa kipande cha karatasi ya rangi ili matundu yake yajitokeze vizuri. Usivibonyeze vikunjo hivyo, kwani vimekauka na huvunjika kama jani la kiangazi. Nyuma huenda ukakuta herufi H ndogo nyekundu, ingawa kukosekana kwake si ushahidi kwamba kadi si yake. Kadi za Uingereza zielekeze kwenye mwanga wa pembeni: jina la mtengenezaji, kama Dobbs au Mansell, huwa limegandamizwa ukingoni kwa herufi ndogo mno.

Sasa ndipo usome picha. Waridi na njiwa wawili hutangaza mapenzi kwa jumla, na Kupido, mungu wa mapenzi wa Warumi, mwenye upinde huonekana karibu kila mahali, hivyo havitakueleza mengi. Tafuta mikono miwili iliyoshikana, ambayo ni ahadi, na zaidi ya hapo chunguza mandhari iliyo nyuma ya wapenzi: mnara wa kanisa ukichomoza kwa mbali, mtumaji alikuwa anazungumzia ndoa. Kwangu mimi, mnara huo mdogo una uzito kuliko mioyo yote iliyochomwa mishale.

Ndani, angalia ubeti. Mwaka 1879 kampuni ya Howland ilitoa kijitabu cha beti ili mnunuzi asiyeridhika na ubeti wa kadi achague mwingine na kuubandika juu yake; kwa hiyo chungulia ukingo wa kikaratasi chenye ubeti bila kukibandua.

Hifadhi kadi ikiwa imelala, ndani ya kasha la karatasi isiyo na asidi, mbali na jua. Palipochanika pasiguswe na selotepu, na maneno ya mtumaji yaliyofifia yasikolezwe kwa wino mpya.