Somo: Sheikh wa kwenye uwanja, au namna ya kufanya projekti ya mwandishi

Kila mwaka hapa Arusha naletewa kaunta buku za projekti ya mwandishi, yaani kazi ya shule ya kumchambua mwandishi mmoja, na kila mwaka wasifu ni ule ule: alizaliwa, alisoma, akaajiriwa, akafariki. Mashairi yenyewe yanaguswa ukurasa wa mwisho, tena kwa kunakili kijitabu cha uchambuzi kilichonunuliwa stesheneri. Leo tuanzie huko mwisho, kwenye beti. Wasifu tutauita tukiuhitaji.

Mfano wangu ni Sheikh Kaluta Amri Abedi. Ndiyo, huyo huyo ambaye uwanja wa mpira jirani na stendi ya Arusha umepewa jina lake. Niliwahi kuwatuma wanafunzi wangu wakaulize watu pale nje, huyu Sheikh alikuwa nani? Wakarudi na majibu ya kila aina: tajiri aliyetoa kiwanja, kocha wa zamani, na mzee mmoja akaapa kabisa kuwa alikuwa golikipa. Hakuna aliyesema mshairi.

Hatua ya 1: Kitabu kwanza, jina baadaye
Wengi wanachagua jina kubwa halafu ndipo wanaanza kukisaka kitabu, wiki mbili zimeshakatika. Nenda maktaba ya mkoa, angalia kilichopo rafuni, chagua humo. Cha Sheikh kinaitwa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kilitoka mara ya kwanza 1954.

Hatua ya 2: Tahajia
Kitabuni ni Abedi, uwanjani ni Abeid. Ukitafuta kwa tahajia moja tu, iwe kwenye intaneti au kwenye orodha ya maktaba, habari nyingi zitakupita. Andika zote mbili juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari lako.

Hatua ya 3: Swali moja
"Maisha na kazi za Amri Abedi" si swali, ni gunia. Tazama jina la kitabu lilivyo: upande mmoja sheria, upande wa pili diwani, yaani mkusanyo wa mashairi yake. Mtu kakupa rula, kisha kakupa na kitambaa alichokishona mwenyewe. Kwa hiyo uliza hivi: je, Sheikh anazifuata kwenye diwani sheria alizotuwekea sisi? Hilo unaweza kulijibu kwa penseli na mashairi matano, bila kumsubiri profesa.

Hatua ya 4: Hesabu
Hapa ndipo pa kukaa. Chukua mstari huu, nimeutunga mwenyewe asubuhi Kibo ilipokuwa imejificha:

Nimeuona mlima, wingu limeukumbata

Wanafunzi wangu wengi wanasema kipande cha kwanza kina mizani, yaani silabi, saba. Kina nane: ni-me-u-o-na-m-li-ma. Ile "m" ya mlima inasimama peke yake, inahesabiwa. Cha pili nacho nane: wi-ngu-li-me-u-ku-mba-ta. Jumla kumi na sita. Kina, yaani sauti ya mwisho wa kipande inayorudiwa mstari hadi mstari, cha kati ni "ma", cha mwisho ni "ta".

Sasa mbona nimesema kumbata, wakati kila siku tunasema kumbatia? Kwa sababu kumbatia ingenipa tisa. Mizani imenilazimisha kuchagua neno, na kina changu cha mwisho kimegeuka kutoka "tia" kuwa "ta". Ukikuta mshairi amelifupisha neno, yaani inkisari, au amelirefusha, yaani mazida, usiishie kulitaja jina la mbinu ukapewa maksi moja. Jiulize amepata nini na amepoteza nini. Lirudishe neno la kawaida mahali pake, usome kwa sauti, usikilize kilichoharibika.

Fanya hivyo kwa mashairi matano. Chora jedwali: beti, mishororo (mistari), mizani, vina, kituo (mstari wa mwisho wa ubeti). Palipovunjika pazungushie nyekundu. Hizo duara nyekundu ndizo projekti yako.

Hatua ya 5: Sasa wasifu
Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akawa mhubiri wa jumuiya ya Kiislamu ya Ahmadiyya, akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, akawa Waziri wa Sheria, akafariki 1964. Chukua tu kinachogusa beti zako. Mhubiri anatunga nasaha? Hesabu mashairi mangapi kati ya yale matano yanaonya au yanausia. Lakini kusema kwamba aliandika sheria za mashairi kwa kuwa angekuja kuwa Waziri wa Sheria, hilo nimelisoma kwenye daftari la mtu, na nikacheka peke yangu ofisini.

Kuandika kwenyewe kufuate mpangilio aliokupa mwalimu wako.

MASWALI YA WASOMAJI

Kidato cha tatu, Moshi: Shikamoo mwalimu. Sisi tumeambiwa mwandishi awe wa Kilimanjaro, na Sheikh ni wa Ujiji.
Marahaba mwanangu. Mtazame Petro Itosi Marealle, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Hicho ni cha mila, si riwaya, kwa hiyo swali lako libadilike: anamsimulia nani, Mchagga mwenzake au mgeni? Kama projekti ni ya Kiingereza, yupo Elieshi Lema na Parched Earth ya 2001.

Mzazi, Usa River: Mwalimu, kitabu madukani hakuna. Binti anataka kutumia mashairi aliyoyapata kwenye simu.
Mama, ya simu yana herufi zilizoruka, na herufi moja ikiruka mizani imeharibika. Atamsingizia Sheikh kosa la mchapaji. Mwombe mkutubi amruhusu kutoa kopi ya kurasa chache, au aulize walimu wa Kiswahili waliostaafu. Wengi wanacho chini ya kitanda.

Kidato cha tano, Arusha: Mwalimu wetu anasema shairi lisilo na vina si shairi. Nikimpinga atanikata maksi?
Sijui hasira za mwalimu wako. Ila angalia miaka. Kichomi, diwani ya Kezilahabi, ilitoka 1974, na ubishi mkubwa wa mashairi huru, yaani yasiyofuata vina na mizani, ulipamba moto miaka hiyo ya sabini. Sheikh alikuwa ameshafariki miaka kumi. Usimfanye shahidi wa kesi ambayo hakuisikia. Andika alichokisema 1954 kwa maneno yake, na ukurasa, halafu mwalimu abishane na kitabu.

Kidato cha tatu, Moshi (tena): Mwalimu, ile "m" ya Mchagga nayo inahesabiwa?
Inahesabiwa. M-cha-gga, tatu. Umeshaanza kazi.