Kukomaa mu imani haikuje yenyewe, fanya hivi

Bandugu, kwenda ku kanisa kila siku ya Mungu ni muzuri lakini mtu anaweza kaa pale ku banki ya kanisa miaka kumi na bado ni mtoto mchanga mu imani, miye mwenyewe nilikuwa vile. Paulo aliambia Timoteo ajizoeze mu utauwa, ni kusema kuishi vile Mungu anapenda (1 Timoteo 4:7), njo kusema ni mazoezi.

Kwanza chagua saa. Siyo "nitaomba nikipata nafasi", hapana, saa. Marko 1:35 inasema Yesu aliamuka kukiwa bado giza akaenda kuomba peke yake. Hapa Goma weye amuka mbele bamama baanze kupita na mabido ya maji ya ziwa, juu kisha pale makelele haiishe. Telefone iache mu chumba ingine, unaifungua juu ya Biblia unajikuta ku WhatsApp, tunajuana.

Anza na Marko, iko na sura 16 tu, moja kwa siku. Kisha Mezali, sura 31, inatosha mwezi muzima.

Kuwa na kaye na biki: andika mstari moja yenye imekugusa na kitu moja utafanya leo, yenye mtu anaweza ona. "Nirudishie mama jirani franga zake", siyo "niwe mtu wa upendo". Nilikuwaka najaza ma paji mbili na sifanye kitu, kaye ikaisha, roho ikabakia vile vile.

Tafuta ndugu moja wa kukuuliza kila juma: umefanya? Na siku umeruka usilipe deni ya sura tano mara moja, soma tu ya leo.