Kumlea Mkunga Mpya Wodini: Mwongozo kwa Muuguzi Kiongozi

Mkunga mpya anaporipoti katika wodi ya uzazi, mpangie mapema mkunga mzoefu atakayefanya naye zamu zilezile, maana anayebadilishiwa mlezi kila siku huishia kusikia maelekezo yanayopingana.

Mfundishe kando ya kitanda, si ofisini. Chukulia patografu, yaani chati ya kufuatilia maendeleo ya mama na mtoto wakati wa uchungu: mwache ajaze mwenyewe mapigo ya moyo wa mtoto kila baada ya dakika 30 na kufunguka kwa mlango wa kizazi kila baada ya saa 4, kisha umuulize anauonaje mwenendo wa uchungu kabla hujamweleza unavyouona wewe. Swali la namna hiyo humfanya afikiri, ilhali kumnyang'anya kalamu humzoesha kungoja amri. Hata hivyo, mchoro ukifika kwenye mstari wa kuchukua hatua, yaani ule unaoonyesha kwamba uchungu umechelewa mno, mafunzo yasimame na daktari aitwe. Maelezo yatafuata mama akishakuwa salama.

Kosa lisemwe faraghani, kamwe si mbele ya mama anayejifungua wala ndugu zake. Sifa itolewe wakati wa kukabidhiana zamu, ikitaja jambo lenyewe, kwa mfano kwamba aliona mapema damu inatoka kupita kawaida akaita msaada.

Uhusiano wa timu, kwa maoni yangu, hujengwa na ratiba ya zamu kuliko hotuba. Ukiwarundikia wapya pekee usiku na sikukuu, hakuna chai ya pamoja itakayoondoa manung'uniko; bandika ratiba mapema, nawe ujipangie usiku mmojammoja.